Eda na Tarehe ya Mionzi

Mwanamke aliye ndani ya eda na mwenye karatasi ya hospitali chini ya mto wake, haya nimeyaandika kwa ajili yake. Utaalamu wa dawa sina, na sitajaribu kueleza maradhi haya huanzaje wala hutembeaje mwilini. Nitasema yaliyonipata mimi, Zuwena, mke wa marehemu Makame, nyumbani kwetu mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kutoka vuli moja hadi vuli iliyofuata.

Kabla ya kuumwa nilikuwa nikisomesha chuo cha Kurani. Watoto wa kike walikuja nyumbani kila baada ya alasiri, na Jumatano walikuja mama zao kwa darasa la fikihi: udhu, hedhi, saumu, haki za mume, eda. Vitabu nilirithi kwa baba yangu. Mtaani nilisifika kwa kujibu bila kusitasita. Mtu akiniuliza jambo, jibu nilikuwa nalo mdomoni kabla hajamaliza kuuliza, nami nilidhani huo ndio ualimu.

Vuli ile nilihisi kitu kifuani, kwenye ziwa langu la kushoto, wakati naoga. Kigumu, mfano wa kokwa ya zambarau. Nikanyamaza miezi miwili. Niliona haya kuvuliwa nguo na daktari mwanamume, na nikajiambia kuwa haya ni sehemu ya imani, kwa hiyo kunyamaza kwangu ni ibada. Makame ndiye aliyegundua. Alikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya Kendwa, akilala huko wiki nzima na kurudi nyumbani Alhamisi jioni. Aliniona natungua nguo kwenye kamba kwa mkono mmoja.

"Unaumwa wapi?" akaniuliza.

"Siumwi."

"Zuwena, mie si mtoto. Mkono huo una nini?"

Jumatatu hakurudi kazini. Alinipeleka hospitali mwenyewe, akakaa nami kwenye benchi la ukumbi mrefu, katikati ya wanawake walioshika bahasha za kaki. Nilijifunza mengi kuhusu benchi lile. Hapana anayemtazama mwenzake usoni. Mtu akitoka chumba cha daktari, wote hutazama miguu yake, maana miguu ndiyo husema kwanza. Mimi nilipotoka, Makame alisimama akanishika kiwiko mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuoane.

Nilipasuliwa wakati wa kaskazi. Ziwa likaondolewa lote. Nilipozinduka nilikuwa na mpira umechomekwa ubavuni, unatoa damu na maji na kuyapeleka katika chupa ndogo iliyofungwa kiunoni. Nikawaza sala. Nitaswali vipi na damu nimeibeba? Darasani nililipitia suala hilo kwa sentensi moja: mwenye udhuru huswali na udhuru wake. Nikiwa nimelala pale sentensi ile sikuiamini. Nikasubiri muuguzi aje kumwaga chupa, na alipokuja alasiri ilikuwa imeshatoka. Nililia kwa ajili ya alasiri ile kuliko nilivyolilia ziwa.

Muuguzi alikuwa mtu mzima. Aliniuliza nalia nini, nikamwambia.

"Mwalimu," akasema, huku anaisuuza chupa, "hiyo chupa Mungu anaiona. Swali."

Nikaswali kwa ishara, nimelala. Lakini moyoni nilibaki na deni, na nyumbani nikazirudia sala zote za siku zile, moja moja, kinyume na nilivyowafundisha wengine.

Nyumbani palikuwa na jambo jingine, na hili nitalisema wazi ingawa ni gumu. Sikutaka Makame anione. Nilimwomba ahamie chumba cha mbele, akahama. Alikuwa amebadilisha zamu Kendwa ili arudi kila siku, safari ya masaa mengi kwenda na kurudi, na kila alfajiri kabla ya kuondoka alinichemshia maji ya kutawadhia. Ndoo nilikuwa siwezi kuinua. Alikuwa akiiweka birika nje ya mlango wangu, anagonga mara mbili, anasema "Maji tayari," kisha anaondoka, kwa sababu mimi ndiye niliyetaka aondoke.

Siku moja baada ya magharibi alisimama mlangoni. "Zuwena, niruhusu nikuone."

"Bado."

"Lini?"

"Nikipoa."

Hakuniuliza tena.

Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani nilitundikiwa mwisho wa Shaabani. Zilikuwa sita, kila wiki tatu moja. Nywele zilinitoka mafungu mafungu wiki ya pili ya Ramadhani, kucha zikawa nyeusi, ulimi ukawa na ladha ya chuma. Daktari alinikataza kufunga. Nilimwitikia, nikafunga kwa siri. Chai ya asubuhi niliimwaga chooni, mkate nikampa paka. Siku ya nne nilianguka bafuni, na binti yetu Rahma, aliyekuwa akisomea ukutubi, kazi ya maktaba, na mwaka ule ndio kwanza ametimiza miaka ishirini, akavunja kitasa ili anitoe. Makame alipoarifiwa alirudi kutoka Kendwa na uso ambao sijauona kabla.

"Umesomesha watu miaka kumi na tano kuwa mgonjwa asifunge," akaniambia. "Ulikuwa ukiwasomesha nini? Uongo?"

"Wao ni wao," nikamjibu.

Akaniuliza: "Na wewe ni nani?"



Siku tatu baada ya dripu ya nne, katikati ya masika, mvua inanyesha tangu alfajiri, simu ya Rahma ililia. Mimi nilikuwa nimeinamia beseni natapika. Makame alikutwa stoo, amekaa kwenye gunia la mchele, ameegemea ukuta, daftari lake mapajani. Walisema ni presha. Alifikishwa nyumbani adhuhuri, akazikwa baada ya alasiri. Sheria inamruhusu mke kumuosha mumewe, na hilo nililisomesha mara nyingi, tena kwa kulisisitiza. Mimi sikuweza kusimama. Nilimwona uso tu, kwa dakika chache, nimeshikiliwa huku na huku. Mvua ilikuwa bado inanyesha walipomtoa.

Hivyo nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi. Nikavua pete, nikaacha udi na wanja, nikajifungia ndani.

Dripu mbili zilizobaki hazikuleta ubishi. Shemeji yangu Ame, mdogo wake Makame, alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu, akarudi na jibu kuwa mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja, na dawa ni haja, mradi usiku alale nyumbani. Nikaenda nimejifunika gubigubi, nikarudi kabla ya magharibi. Dripu ya sita ilinikuta wiki ya Idi ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja. Nje watoto wanapita na nguo mpya, mimi nimelala sakafuni ukumbini maana kitanda kilikuwa kinanizungusha.

Halafu ikaja mionzi. Hapa kwetu haikuwepo, ilibidi niende Dar es Salaam, wiki tano, kila siku ya kazi. Daktari alinipa tarehe, akaniambia nisipitishe. Nilipohesabu, tarehe ile ilikuwa imebakisha miezi miwili ya eda yangu.

Ame akarudi tena kwa sheikh, na safari hii sheikh alikuja mwenyewe. Walikaa ukumbini, mimi nikakaa nyuma ya pazia.

"Bi Zuwena," sheikh akasema, "nimeelezwa. Kuilinda roho ni wajibu. Kulala nje ya nyumba ya eda kwa dharura kama hii hakuna dhambi, na eda yako itaendelea kuhesabika hukohuko. Kaka yako akusindikize. Nenda."

"Nimekusikia, sheikh."

"Umesikia, au utakwenda?"

Ame akakohoa. Wakanywa kahawa, wakaondoka.

Nilikuwa nimeshaamua kutokwenda. Watu wakadhani ni ucha Mungu, na wako walionisifu. Bibi mmoja aliyekuja kunipa pole alisema wanawake wa zamani walikuwa hivi. Nikaipokea sifa ile. Ukweli wangu ulikuwa mwingine. Nilimhamisha mume wangu chumba miezi mitatu kabla hajafa. Alitaka kuniona, nikamwambia bado. Kufa alikufa peke yake juu ya gunia, na kumuosha sikumuosha. Kilichobaki cha kumpa kilikuwa eda tu, na nilitaka kumpa nzima, bila hata usiku mmoja pungufu. Nilikitumia kitabu cha Mungu kulipia kitu ambacho Mungu hakunidai.

Rahma aliliona hilo kabla yangu. Aliingia chumbani mchana mmoja, sahani ya wali mkononi, akaiweka chini.

"Sheikh keshakuruhusu. Daktari anakwita. Ami Ame keshasema nauli yupo tayari. Nani aliyebaki, mama?"

"Baba yako ana haki zake."

"Baba yangu angekubeba mgongoni hadi Dar."

"Rahma, usinipandishie sauti."

"Sijaipandisha. Mie nshazika mmoja mwaka huu. Kama unataka kunizikisha wa pili, nambie, nijue."

Akatoka. Kutoka siku ile aliniletea chakula, alinifulia, alinisaidia kuoga mgongo, na hakusema nami ila salamu. Shikamoo mama. Marahaba. Tuliishi hivyo wiki baada ya wiki, watu wawili katika nyumba moja. Mkono wangu wa kushoto ukaanza kuvimba. Asubuhi ulikuwa wa kawaida, jioni mkono wa nguo haupiti. Tarehe ya Dar ikapita. Nilikuwa nikisoma Kurani siku nzima, na nakiri kwamba mara nyingi nilifika mwisho wa juzuu bila kujua nimesoma nini.

Kipupwe kikawa kinakwisha. Alasiri moja nikasikia hodi, Rahma akaenda kufungua, akarudi ameshikana mkono na Bi Kazija.

Bi Kazija ni mjane, jirani yetu wa nyumba ya nne. Zamani akihudhuria darasa langu la Jumatano, kisha akaacha, nami sikuuliza kwa nini. Alikuwa na uzito wa kutembea, anapapasa ukuta. Nikadhani ni utu uzima. Alikaa mkekani, akanipa pole, akauliza habari za mkono, akauliza habari za mionzi. Nikamwambia nimeiahirisha hadi nitoke eda.

Akasema, "Mwalimu, unakumbuka nlipokuwa mie ndani ya eda?"

"Nakumbuka. Mzee alifariki mwaka ule wa mafua mengi."

"Nlimtuma mjukuu wangu kwako na suali. Nlikuwa na miadi ya macho. Daktari alinambia macho yana presha, nitiwe dawa kila wiki na nipimwe. Nkakuuliza, nende?"

Nilianza kukumbuka. Niliwaona watoto wa chuo wamekaa mbele yangu, na mtoto yule amesimama mlangoni, nami nasahihisha herufi za mtu. Sikuinua hata kichwa. Nilimjibu kuwa mwenye eda hukaa ndani, mambo ya macho yatasubiri.

"Nkakaa," akasema Bi Kazija. "Jicho la kulia limekwisha kabisa. La kushoto nnaona kivuli. Nnakuona umekaa, lakini kama unacheka au unalia sijui."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda dukani.

"Kwa nini hukunambia?" nikamuuliza.

"Nkwambie iwe nini? Limeshakwenda. Leo nimekuja kwa sababu Rahma kanambia wewe nawe umekaa. Nimeona nisinyamaze tena." Akanyanyuka, Rahma akamshika. Mlangoni akaongeza, "Mie nlikuwa sijui. Wewe unajua."

Nilikaa pale hadi adhana ya magharibi. Usiku ule Rahma aliponisaidia kuoga, kidole chake kilisimama juu ya kovu. Alikichukua kidole changu akakiweka pale. Ilikuwa punje, chini ya ngozi, na kando yake punje nyingine.

Asubuhi tulikuwa kwenye benchi lilelile. Niliingia kwa daktari na Rahma. Alinipima, akaandika, akasema lazima nipasuliwe tena haraka, kisha ndio Dar.

"Daktari," nikasema, "kama ningekwenda ile tarehe?"

Alitazama karatasi zake. "Siwezi kukwambia. Pengine maradhi yangerudi vilevile. Na yeyote atakayekwambia anajua, usimwamini."

Nimeishi na jibu hilo. Kuna siku linanifariji na kuna siku linanichoma, na sijapata njia ya kuchagua itakuwa siku ipi.

Nililazwa nikiwa nimebakisha siku tano za eda. Usiku wa kwanza wodini, nje ya nyumba ya mume wangu, nilikesha nikimwomba Mungu msamaha, kisha nikashindwa kujua nauomba kwa lipi. Walinipasua asubuhi ya siku ya pili. Waliondoa zaidi kuliko mara ya kwanza, wakachukua ngozi ya paja kuziba kifuani. Siku tatu baadaye eda yangu ikatimia nimelala kitanda cha pembeni, karibu na dirisha. Ulikuwa mwezi wa Maulidi, na kutoka msikiti wa jirani sauti za wasomaji zilikuwa zinaingia na kutoka kwa upepo.

Siku ile alikuja mavyaa wangu, Bi Mize, mama yake Makame. Ni mtu wa Tumbatu, mwanamke mrefu, maneno machache. Tangu mazishi nilikuwa namuogopa. Niliona kama anajua kila kitu, na kwamba sasa kanikuta nje ya nyumba ya mwanawe kabla siku hazijesha, atanihukumu. Alikuwa na kikapu. Ndani yake mlikuwa na kanga mpya, kitambaa cheupe na chupa ya mawardi, marashi ya waridi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo unatoka eda. Nimekuja kukutoa."

"Siwezi kuoga. Kidonda hakitaki maji."

"Nnajua. Tutapangusa panapopangusika."

Akamwomba muuguzi pazia, akalivuta. Alinipangusa uso, shingo, mkono wa kulia, miguu, polepole, akisoma dua kwa sauti ya chini. Alinipaka mawardi nyuma ya masikio. Kichwa changu kilikuwa na nywele fupi mfano wa nywele za mtoto mchanga, nazo akazipitishia kiganja. Nikashindwa kujizuia.

"Mama, nilimhamisha chumba," nikamwambia. "Makame. Kafa analala chumba cha mbele."

"Alinambia."

"Alikwambia?"

"Alikuwa akija kwangu Ijumaa. Alinambia unaona haya na kovu lako. Akanambia haya zile zitakwisha zenyewe, yeye hana haraka."

Akanivika kanga. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Maneno yale yalinipoza na yalinikata kwa wakati mmoja, na mpaka leo nikiyakumbuka yanafanya yote mawili. Bi Mize akasema tusome Fatiha, tukasoma, yeye kwa sauti, mimi kwa midomo tu. Kisha akauliza, "Dar unakwenda lini?"

"Kidonda kikifunga."

"Ntakwenda nawe. Rahma ana mitihani."

Tukaenda vuli ilipoanza. Kaka yangu Suleiman alituvusha kwa boti, akatufikisha kwa binamu yetu aliyetupa chumba kimoja chenye dirisha dogo, akarudi Unguja. Wiki tano nilimwona mama wa miaka sabini akiamka kabla yangu, akinipikia uji, akinifuata hospitali na kukaa benchi la nje na tasbihi yake, bila kulalamika hata siku moja ingawa magoti yalikuwa yakimuuma. Mionzi yenyewe haina maumivu, unalala chini ya mashine kubwa, mlango unafungwa, unabaki peke yako. Maumivu huja baadaye. Kufika wiki ya tatu ngozi yangu ilikuwa nyeusi, ya nne ikachubuka. Nguo ikigusa, nasikia hadi kwenye meno.

Ndani ya chumba cha mashine nilikuwa sijui nisome nini, maana kila aya niliyoijua niliwahi kuitumia kumkazia mtu. Nikawa nasema tu, Mola wangu, niko hapa. Zilipita siku nyingi nikisema hilo peke yake. Sala nilikuwa naswali nimekaa, natayamamu inapobidi, na sikuirudia hata moja. Hilo nalisema kwa ajili ya yule anayerudia. Usirudie. Kama Mungu amekupokea umekaa, kusimama kwako baadaye hakumwongezei kitu.

Nimesharudi. Wakati huu naandika, kaskazi nyingine imeingia na nimekwenda kupimwa mara mbili. Wameniambia hawajaona kipya. Hawakusema nimepona, nami sikuwauliza. Mkono wa kushoto umebaki mzito, umevimba, naufunga bendeji kila asubuhi na siwezi kuubebesha ndoo wala mtoto. Chuo sijakifungua. Rahma amenirudia kwa maneno, kidogo kidogo. Juzi alinisimulia jambo la masomoni kwao mpaka akacheka.

Limebaki moja la kueleza. Wiki niliyorudi kutoka Dar, kabla sijamtembelea mtu mwingine, nilikwenda nyumba ya nne. Bi Kazija alikuwa amekaa uani kwenye kibao, anachambua mchele kwa vidole, punje kwa punje, kichwa kimeinama upande.

"Nani?"

"Mimi. Zuwena."

"Karibu. Umerudi salama?"

"Nimerudi." Nikakaa chini, mbele yake. "Bi Kazija, nimekuja kukutaka radhi. Nilikujibu bila kukusikiliza. Sikuuliza ni maradhi gani, sikuuliza daktari kasema nini. Jicho lako liko juu yangu. Nilikuwa nikiwaambia watu haki ya mja haifutwi na sala mpaka mwenyewe asamehe, na mimi nilikuwa nimeshika ya kwako miaka yote ile."

Aliendelea kuchambua mchele. Alitoa jiwe dogo, akalitupa.

"Nlikusamehe siku nyingi," akasema. "Nlikusamehe kabla hujajua. Ningekaaje na kinyongo na huku nimezeeka?"

"Mungu akulipe."

"Lakini sitokuuliza tena jambo la dini, Zuwena. Lolote. Nisamehe kwa hilo."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Miaka yote nilikuwa Mwalimu. Nikamwambia ni sawa.

Alisukuma ungo pembeni, akapapasa mfukoni, akatoa kichupa cha dawa ya macho. "Hili jicho la kushoto ndilo lililobaki. Mjukuu wangu hayupo na mie mkono unatetema, nnaimwaga yote shavuni. Unaweza?"

"Naweza."

Akainua uso juu, akafungua jicho kwa vidole viwili. Mkono wangu wa kulia ulishika kichupa, na ule mzito nikauegemeza kwenye paji la uso wake ili asitikisike. Tone la kwanza likaingia. Akapepesa. La pili likaingia.

"Basi," akasema. "Hutiwa saa nne na saa kumi. Saa nne yupo mtu. Ya saa kumi hakuna."

"Nitakuja mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku nitakayoweza kutembea."

Akafuta shavu kwa ncha ya mtandio, akavuta ungo wake akarudi kwenye mchele. Kesho yake, baada ya kuswali alasiri, nilifunga mkono wangu bendeji, nikavaa, nikaenda.